Wahindi wa Panpaper na Ngumi za Siri

Bodaboda wa Webuye wamepata mjadala mpya wa kupitishia saa za jua kali, abiria wakiadimika. Umetokana na video fupi za simu: mzee wa Kitamili, kifua wazi, shuka kajifunga kiunoni, anarusha ngumi mfululizo kwa pumzi moja, na kijana mwenye mwili mara mbili ya wake anajikuta chali mchangani. Sanaa hiyo inaitwa kuttu varisai. Video ni nzuri, na mimi pia huzitazama. Kinachonikera ni maelezo yanayofuatana nazo. Kila yakipita steji moja yanaongezwa chumvi, na yakifika Misikhu au Matete yameshakuwa historia kamili yenye tarehe na mashahidi.

Kuttu varisai ni namna ya kupigana mikono mitupu ya Watamili, watu wa ncha ya kusini ya India na wa kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka. Wale wa asili yao walioko Malaysia nao wanaifundisha. Mpiganaji hutumia ngumi, kiganja, kiwiko, goti na teke, hukaba viungo, huangusha. Mara nyingi hufundishwa pamoja na silambam, mchezo wa fimbo ndefu ya mwanzi, na mwanafunzi hupitia kwanza mazoezi marefu ya kukanyaga na kuhamisha miguu kabla hajaruhusiwa kurusha mkono. Hayo yanatosha kuanzia.

Sasa dai linalopendwa kuliko yote hapa kwetu: eti Wahindi wa Panpaper, kiwanda cha karatasi cha hapa Webuye, walikuwa nayo. Kwamba nyuma ya ua wa nyumba za mameneja, jioni, walikuwa wanafanya mazoezi kwa siri, na ndiyo maana hakuna mfanyakazi aliyethubutu kumgusa Mhindi hata mishahara ilipochelewa.

Tuanze na walikotoka. Pan African Paper Mills ilikuwa ubia wa Serikali ya Kenya, Shirika la Fedha la Kimataifa na Orient Paper Mills, kampuni ya familia ya Birla. Asili ya akina Birla ni Pilani, Rajasthan, kaskazini mwa India. Kiwanda mama cha Orient kilikuwa Brajrajnagar, katika jimbo la Orissa, ambalo leo linaitwa Odisha. Kutoka Brajrajnagar hadi Chennai, mji mkuu wa jimbo la Watamili, ni kama kilomita 1000 ukiruka kama ndege. Kutoka Pilani ni mbali zaidi. Na lugha si za ukoo mmoja: Kihindi na Kiodia viko upande mmoja, Kitamili kiko ukoo mwingine kabisa, vile Kibukusu na Kisabaoti vinavyopakana mlimani bila kuwa ndugu. Anayesema "Mhindi" akidhani amemaliza kumweleza mtu anafanya kosa lile lile la mgeni anayetua Eldoret na kutuita sote "Waafrika" kana kwamba tunakula mezani pamoja.

Vilevile wale waliojenga reli kati ya 1896 na 1901 walikuwa wengi wao Wapunjabi, na maduka ya miji yetu yalifunguliwa zaidi na Wagujarati. Watamili hawakuwahi kuwa kundi kubwa Kenya. Na hata kama Mtamili mmoja wawili walipita Webuye kuchemsha majimaji ya mbao, kuzaliwa Mtamili si kujua kupigana. Ni Wabukusu wangapi wa leo wanaojua kupiga litungu? Mwanamume aliyekuwa akifanya kazi ya kubadilisha rola za mashine hadi kiwanda kilipofungwa 2009, vijana wanamwita kuka, yaani babu, aliwajibu kwa ufupi nikiwepo: Wahindi hawakuguswa kwa sababu wao ndio waliokuwa wanashika orodha ya zamu. Sioni haja ya kuongeza neno.

Dai la pili lina heshima zaidi kwa sababu limo hata kwenye filamu. Linasema kuttu varisai ni mama wa kung fu, karate na kila kitu. Mtawa aliyeitwa Bodhidharma, mwana wa mfalme kutoka Kanchipuram, alivuka na sanaa hiyo hadi China, akakuta watawa wa Shaolin wamedhoofika kwa kukaa wakitafakari, akawafundisha kupigana. Mwaka 2011 filamu ya Kitamili, 7aum Arivu, iliyoongozwa na A.R. Murugadoss, iliisimulia hadithi hiyo kwa ustadi mkubwa, Suriya akiwa ndiye Bodhidharma. Ukishaona mtu anazuia jeshi kwa mikono kwenye skrini, vitabu vinapoteza ladha.

Lakini vitabu vipo. Maandishi ya zamani zaidi yanayomtaja Bodhidharma ni ya mwaka 547, ya Mchina Yang Xuanzhi. Humo Bodhidharma ni mzee kutoka Uajemi anayesimama mbele ya hekalu mjini Luoyang akishangaa uzuri wake. Ngumi haimo. Maandishi yaliyofuata ndiyo yanayomfanya mtu wa kusini mwa India, na hayo nayo yanazungumzia kutafakari tu. Hekalu la Shaolin lilijengwa mwaka 495 kwa ajili ya mtawa mwingine kutoka India, Batuo, kabla jina la Bodhidharma halijahusishwa nalo. Watawa wake walipigana vitani mwaka 621 wakimsaidia Li Shimin, ambaye baadaye alikuwa mfalme, na jiwe la kumbukumbu la mwaka 728 linaeleza msaada huo bila kusema nani aliwafundisha. Na sifa yao ilipoenea kweli, karne ya 16, ilikuwa sifa ya fimbo. Mikono mitupu walianza kuitilia mkazo baadaye.

Basi Bodhidharma mwalimu wa mazoezi alitoka wapi? Alitoka kwenye kitabu cha mazoezi ya mishipa, Yijin jing, cha mwaka 1624, zaidi ya miaka 1000 baada ya yeye kufa. Mwandishi wake alikipachika jina la mtakatifu. Mwanahistoria wa China Tang Hao aliuumbua uongo huo katika miaka ya 1930, na Meir Shahar akaupitia upya katika kitabu chake kuhusu Shaolin cha mwaka 2008. Hakuna la kuficha tena.

Watoto wengine wanaodaiwa kuzaliwa na mama huyo ni wadogo kwa umri kuliko inavyodhaniwa. Judo ilianzishwa na Kano Jigoro mwaka 1882. Karate ilitoka kisiwa cha Okinawa, na Funakoshi Gichin aliifikisha Tokyo mwaka 1922. Jina taekwondo lilipatikana 1955, kwa hiyo lina umri wa babu wa mtu, si wa taifa. Okinawa ilichota kwa Wachina, hilo ni kweli. China na India zilibadilishana dini, dawa na vitabu kwa karne nyingi, na hilo pia ni kweli. Ila kutoka hapo hadi kusema fulani alimzaa fulani, panahitajika ushahidi, na ulioletwa ni wa kughushi.

Nadhani ninajua kwa nini dai hili linapendwa Webuye. Anayelirudia hajali sana Watamili. Anafurahi kusikia kwamba Wachina walifundishwa na mtu mweusi kama sisi. Naielewa furaha hiyo. Lakini tukitafuta fahari kwa njia hiyo tunaruka vitu vyetu vyenyewe, na hapo ndipo tunapokutana na dai linaloniudhi kuliko yote: kwamba Mwafrika hakuwahi kuwa na sanaa ya mikono, alikuwa na rungu na mkuki tu.

Picha nyingi za kale zaidi za watu wanaoshindana kwa mikono mitupu ziko Afrika. Huko Beni Hasan, Misri, kwenye makaburi ya wakuu yaliyochongwa mlimani yapata miaka 2000 kabla ya Kristo, ukuta mzima umechorwa wanaume wawili wawili wakipigana mieleka, mmoja kapakwa rangi nyeusi zaidi ili macho yafuate mkono wa nani umemkamata nani. Ni mamia ya jozi, kila jozi na mshiko wake, kama kitabu cha kufundishia. Wanuba wa Sudan wanapigana mieleka mpaka leo. Nigeria, Wahausa wana dambe: mkono mmoja umefungwa kitambaa na kamba kuwa mkuki, mwingine uko wazi kuwa ngao. Wavenda wa Afrika Kusini wana musangwe, ngumi tupu bila glavu.

Na jirani wa karibu kabisa wa kuttu varisai hayuko bara, yuko majini. Watu wa Sakalava, magharibi mwa Madagaska, wana moraingy, mapigano ya ngumi tupu yaliyoanza enzi za falme zao, ambayo yalivuka hadi Komoro, Mayotte na Réunion. Mayotte hupigwa usiku wa Ramadhani baada ya futari, ngoma zikilia, na vijana wanaingia uwanjani wenyewe kumtafuta wa kupambana naye. Bahari hiyo ndiyo iliyomleta Mhindi, Mwarabu na Mswahili kwenye soko moja. Anayetaka kuandika ukoo wa ngumi katika Bahari ya Hindi aanzie huko, ana kazi ya maisha.

Hapa Bungoma, mieleka ya wavulana machungani haikuhitaji jina la kigeni. Ng'ombe wakishashiba, wawili wanakamatana, wenzao wanazunguka, anayebebwa na kuwekwa mgongo chini kashindwa. Yule aliyekuwa hodari alijulikana kutoka kijito hadi kijito, na wazee walijua nani ni nani hata kabla ya mwaka wa tohara kufika. Ni kweli haikuwa na mfululizo wa ngumi uliopangwa kama wa Watamili. Ilikuwa sanaa ya kushika, na wao wana sanaa ya kupiga. Tofauti si upungufu.

Kupiga tulikuja kujifunza kwa glavu, na tulijifunza vizuri. Philip Waruinge alirudi na shaba kutoka Meksiko mwaka 1968 pamoja na tuzo ya bondia mwenye ufundi bora wa mashindano yote. Munich 1972 akapata fedha, na Samuel Mbugua na Richard Murunga wakapata shaba. Kisha Seoul 1988, Robert Wangila, jina ambalo halihitaji mkalimani mtaa wowote wa Bungoma, akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya ndondi ambayo Kenya imeleta kutoka Olimpiki. Kijana anayeweza kukueleza hadithi ya Bodhidharma lakini hajui Wangila alimpiga nani Seoul, huyo tumemfundisha vibaya.

Wangila ananipeleka kwenye dai la nne, la pigo moja. Wanasema mwalimu wa kuttu varisai akikugusa mahali fulani kwa kidole, unaenda nyumbani mzima, unakula, unalala, unakufa siku ya saba.

Chanzo cha uvumi huo ni elimu ya Kitamili iitwayo varma, hasa ya wilaya ya Kanyakumari. Inahusu sehemu za mwili zinazodhurika upesi, na orodha ya jadi inazitaja 108: 12 za hatari zaidi na 96 nyingine. Baadhi yake hata bondia wa mtaani anazijua. Ukipigwa kidevuni kwa pembeni, kichwa kinazunguka ghafla, ubongo unatikisika ndani ya fuvu, taa zinazimika. Ukipigwa chini ya mbavu za kulia, ini linapata mshtuko na miguu inakataa amri. Ubavuni mwa shingo pana mahali ambapo mwili hupima shinikizo la damu. Pigo hapo linaweza kulishusha ghafla mtu akazirai. Yote hayo yanaelezeka bila mizimu, na yote yanatokea papo hapo. Ratiba ya siku saba ni ya wasimulizi.

Halafu angalia zile video kwa makini, punguza kasi. Mwanafunzi anayeangushwa anajua anaangukia wapi. Mkono wake unatangulia kupokea ardhi, kidevu kakibana kifuani. Hiyo ni adabu ya mazoezi, kila sanaa inayo, na hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale mtazamaji anapodhani ameona kipimo cha nguvu za mzee.

Ngumi inaua, sibishi. Wangila alifariki Las Vegas Julai 1994, siku mbili baada ya pambano, akiwa na miaka 26. Haikuwa pigo la siri. Yalikuwa mapigo mengi ya kichwani, mbele ya mwamuzi, daktari na kamera. Hivyo ndivyo kifo cha ngumi kinavyokuja kwa kawaida, na kinatisha zaidi kuliko kidole cha uchawi, kwa sababu hakihitaji bingwa. Hata walevi wawili nje ya baa wanaweza kufikishana huko, mmoja akianguka na kisogo kikagonga ukingo wa lami.

Kuna wanaosema Waingereza waliipiga marufuku kuttu varisai kwa sababu waliiogopa, na kwamba kama Wabukusu wangekuwa nayo pale Chetambe mambo yangekuwa mengine. Chetambe unaiona ukiwa mjini, ule mgongo wa mlima juu yetu. Mwaka 1895 watu walijifungia ndani ya ngome ya udongo na handaki, wakapigana na msafara wa Mwingereza Hobley uliokuwa na askari wa Kisudani na wapiganaji wa Buganda. Walishindwa kwa bunduki. Mtu aliye mita 100 hapigwi ngumi, uwe umefundishwa na nani. Watamili wenyewe walilijua hilo. Mmoja wa wakuu wao, Kattabomman wa Panchalankurichi, alinyongwa na Waingereza Oktoba 1799, na vita vya wakuu wa kusini vilipozimwa mwaka 1801, ngome zilibomolewa na watu wakaamriwa kusalimisha silaha. Silaha, narudia. Mkono wa mtu huusalimishi ofisini ukapewa risiti. Kilichoidhoofisha sanaa ni kwamba wakuu waliokuwa wakiwalisha walimu waliondolewa, na askari wa Waingereza akafundishwa bunduki na gwaride. Hilo linaeleza mengi zaidi kuliko woga wa Mwingereza.

Dai kwamba ukijifunza kwa simu miezi mitatu unaweza kuwakabili wezi wa panga, hilo nalipitia haraka. Mwenye panga mkimbie. Na kuhusu simu: mwezi jana nilimtazama kijana mmoja uwanjani akifuata video, akipiga gunia la mchanga alilotundika kwenye mwembe. Kidole gumba alikikunja ndani ya ngumi. Kifundo cha mkono kilikuwa kinapinda kila gunia linapopokea pigo, na uzito wote ulikuwa unatua kwenye vifundo viwili vya mwisho, vya kidole cha pete na kidole kidogo. Mfupa unaobeba kidole kidogo ni mwembamba, na ndio unaovunjika kwa mabondia wasio na mwalimu. Pigo sahihi linaanzia kisigino, linapita nyonga, linatokea kwenye vifundo viwili vya mwanzo, kifundo cha mkono kimenyooka na mkono wa mbele. Video haikumwambia kwa sababu video haimwoni. Mwalimu yeyote wa ndondi, karate au taekwondo angemsimamisha kabla ya pigo la pili.

Limebaki la kanisani, kwamba ni ushetani. Ushahidi unaotolewa ni kwamba mwanafunzi anainama, anagusa ardhi kisha paji la uso kabla ya kuanza. Ni salamu kwa uwanja na kwa mwalimu, na yenye asili ya Kihindu, ndiyo. Lakini wapo Watamili Wakristo na Waislamu wanaofundisha sanaa hizi na kusali kwao kama kawaida. Tena watoto wetu wanainamiana kwenye taekwondo na hakuna aliyeitisha maombi ya kufunga.

Kuna pingamizi jingine la kanisani ambalo sitalipuuza. Bungoma imejaa watu wa Kanisa la Friends, na tangu karne ya 17 Friends wamekataa kuinua mkono juu ya mtu. Mzee mmoja wa Lugulu aliniambia hatakubali mjukuu wake afundishwe kumpiga mwanadamu, hata ikiitwa mazoezi ya afya. Sikumbishia. Nilimweleza tu kwamba kwa jadi ya Kanyakumari mwalimu anayejua mahali pa kuumiza hujua pia kuunga mfupa, kurudisha bega lililoteguka na kusugua kwa mafuta, na kwamba siku hizi vyuo vya tiba ya Siddha huko Tamil Nadu vinafundisha varma kama tiba, bila ngumi hata moja. Akafikiri kidogo. "Hiyo ya kuunga," akasema, "aende hata kesho, mwanangu. Nauli utatoa wewe."